Niliuliza salfa, nikaambiwa nimlete mume wangu

Nianze na lile neno, kwa sababu ndilo lililonikalisha hapa kuandika. "Bi mkubwa, kama gari inakusumbua, mwambie bwana aje ajaze yeye." Nimeambiwa hivyo na kijana wa pampu, mbele ya foleni ya vespa na daladala, kwenye sheli moja ya hapa mjini Unguja ambayo sitaitaja jina. Kosa langu nimeuliza dizeli yao ina salfa kiasi gani, ule uchafu unaotoka na mafuta ghafi.

Mie naendesha gari ya abiria mwaka wa tisa huu. Asubuhi watoto wa skuli, mchana wageni wa uwanja wa ndege, Jumamosi na Jumapili shughuli za watu. Gari yangu ni ya dizeli, imetoka Japani, na ni hizi za karibuni zenye chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Hilo chujio ndilo lililonivunjia heshima.

Ilikuwa baada ya Idi, wiki moja au mbili hivi. Nimebeba kina mama wa sare moja, tunakwenda harusini Makunduchi, masufuria ya biriani yamepangwa nyuma. Kufika Tunguu taa ya njano ikawaka. Hatujafika Jozani gari ikakata nguvu. Nakanyaga, injini inanguruma, gari haiendi. Mwendo wa arubaini haufiki. Daladala za Paje zinanipita huku makonda wakinipigia kelele. Nyuma yangu nyimbo zikaanza kukatika, mmoja ananyamaza, mwengine ananyamaza, mpaka gari nzima kimya. Tumefika bibi harusi keshatolewa na biriani imepoa. Nauli wakanipa, nikashindwa kuipokea.

Dalili zilikuwepo, nakiri. Tangi lililokuwa likinipeleka siku sita lilikuwa linaisha siku ya nne. Na jambo jengine lilinishangaza zaidi: oili ya injini ilikuwa inapanda. Nachomoa kijiti cha kupimia, oili imepita alama ya juu, nainusa, inanuka dizeli. Wenzangu wa stendi wakasema hiyo ni salfa, umetia mafuta mabaya. Ndiyo nikenda kuuliza pale ninapojaza kila siku. Nimeuliza kwa adabu, nimemwita mwanangu.

Alicheka kwanza, akamgeukia mwenzake, ndipo akatoa lile neno. Nikaomba kuonana na msimamizi. Msimamizi hakuinuka kitini. Alikuwa anatafuna badia, akanitazama mkononi kuona nimeshika nini, akasema, "Dizeli ni dizeli, mama." Nikamwambia hapana, meli ya mafuta huja na karatasi za vipimo, naomba kuona ya mzigo huu tu. Akarudi kwenye simu yake. Nimesimama pale kama ombaomba, na pesa yangu wameshaichukua!

Dizeli si dizeli. Salfa ndiyo ile bibi zetu walikuwa wakiiita kiberiti upele, tukipakwa utotoni. Imo ndani ya mafuta ghafi tangu yanapochimbwa, na kiwandani huondolewa kwa viwango. Japani, ilikotoka gari yangu, dizeli ya magari haizidi sehemu 10 za salfa kwa milioni tangu 2007. Sisi nchi za Afrika Mashariki tulikubaliana tushuke mpaka 50 kuanzia Januari 2015, na kabla ya hapo dizeli ya 500 ilikuwa jambo la kawaida. Kwa hiyo gari iliyozoea 10 imekuja kunywa 50, tena kama hiyo 50 yenyewe imeheshimiwa. Mtu mwenye gari kama yangu ana haki ya kuuliza.

Salfa ikiungua inatoa gesi kali, na gesi hiyo ikikutana na mvuke wa maji inakuwa tindikali. Tindikali inakula oili, ndiyo maana wanaotumia dizeli yenye salfa nyingi huambiwa wamwage oili mapema. Mabaki mengine yanakwenda kuganda kwenye ile dawa iliyopakwa ndani ya bomba la kusafishia moshi, ikashindwa kufanya kazi yake. Wazee wa stendi hushikilia kwamba dizeli ya zamani ilikuwa na nguvu kwa sababu ya salfa. Si kweli. Salfa haisukumi gari. Ila salfa inapoondolewa kiwandani, ule utelezi wa mafuta nao hupungua, ikabidi yatiwe dawa ili pampu isisagike. Nguvu inayopotea hapo ni ndogo, mguu hauisikii.

Sasa niseme na lile nisilopenda kulisema.

Gari niliipeleka kwa fundi mmoja wa mtaa wa Amani, kijana, ana mashine ya kusoma hitilafu. Fundi wa mwanzo niliyemwendea alitaka kulitoboa chujio, ati litupwe yaishe. Huyu alikataa. Akaniuliza, "Mama, kwa siku unakwenda wapi na wapi?" Nikamtajia: skuli, Darajani, Kiembesamaki, Mwanakwerekwe, nyumbani. Akatikisa kichwa. Akanieleza kuwa chujio lile hujisafisha lenyewe kwa kuyachoma masizi, na linataka joto la nyuzi 600 hivi. Ili lipate joto hilo injini inamwaga dizeli ya ziada, basi hapo ndipo tangi linapoishia. Mie nazima gari kabla kazi haijakwisha, kesho inaanza upya, keshokutwa tena. Dizeli isiyoungua inateremka kwenye oili. Ndiyo ile iliyokuwa inapanda! Na masizi yakijaa kupita kiasi, moshi unakosa njia ya kutoka, gari inajizuia yenyewe isife. Ndiyo Jozani.

Kisha akaniuliza nimetia oili gani. Nikamwambia ile waliyonitia. Akasema gari yenye chujio inataka oili maalumu isiyoacha majivu mengi, kwa sababu masizi yanaungua lakini majivu hayaungui, yanabaki mle mle mpaka chujio litolewe likasafishwe.

Kwa hiyo pengine wale wa sheli hawana kosa. Nimelikalia jambo hili siku kadhaa na nimeona nilitamke. Dizeli ya 50 inaweza ikaongeza mzigo kwa gari iliyotengenezewa 10, lakini haiwezi peke yake kuniangusha Jozani kwa muda mfupi ule. Safari zangu za vipande vipande zimechangia, na oili imechangia. Kama hukumu ni ya mafuta peke yake, nawaachia.

Lakini mie nilikwenda pale kuuliza! Laiti yule msimamizi angeinuka akanionesha karatasi, ningelijua siku ile ile kwamba tatizo nilitafute kwengine, nisingezunguka gereji tatu nikitupa pesa. Badala yake nilirudi nyumbani na hasira, nikahama sheli, nikadhani nimetibu. Kuninyima jibu kumenigharimu kuliko salfa yenyewe. Na lile la mume, wallahi, silisamehi. Mume wangu hajui hata kijiti cha oili kinachomolewa wapi.

Siku hizi najaza sheli nyengine, upande wa Bububu. Nilipouliza swali lile lile, binti wa pampu alisema hajui, akaniomba ningoje. Akaingia ndani, akarudi na karatasi, akanionesha kwa kidole pale palipoandikwa salfa. Chini ya 50. Dakika tano hazikutimia. Nilitaka kumkumbatia.

Oili nimebadilisha. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya pilikapilika, naishika njia ya Nungwi bila abiria, gia ya chini kidogo ili injini ipate joto, sizimi mpaka nimerudi. Dizeli ya safari hiyo inaniuma, sitaficha, ila tangi sasa linafika siku ya tano, mara nyengine ya sita. Wiki iliyopita nilirudi kwenye ile sheli ya mwanzo kwa sababu taa ya mafuta ilishawaka na nina watoto garini. Gari haikuonesha tofauti yoyote. Kijana ni yule yule, alinitambua, akasema, "Karibu mama," kwa sauti ndogo. Nimejaza lita kumi tu. Ile karatasi ya vipimo bado hawajaibandika dirishani, na nilipouliza tena iko wapi, alimtazama msimamizi wake kwanza.