Uzoefu wangu na Tales from Topographic Oceans ya Yes: pande nne, mmoja unanizingua

Nianze na hukumu ili asiye na muda aendelee na shughuli zake: humu mna muziki mzuri wa kutosha santuri moja na nusu, ila wameutandaza kwenye santuri mbili. Yes, bendi ya Uingereza, waliitoa albamu hii Desemba 1973. Nyimbo ni nne tu, kila mmoja umekamata upande mzima, na jumla yake inapita dakika 80. Nimeisikiliza kwa spika na kwa hedifoni, mfululizo na kwa vipande, na bado kuna mahali kidole kinakwenda chenyewe kwenye kitufe cha kuruka.

Yote yalianzia kwenye tanbihi. Mwimbaji Jon Anderson alikuwa anasoma kitabu cha Paramahansa Yogananda, Autobiography of a Yogi, akakutana chini ya ukurasa na maelezo marefu kuhusu maandiko ya Kihindu yaliyogawanyika makundi manne. Makundi manne, basi nyimbo nne. Yeye na mpiga gitaa Steve Howe wakawa wanakesha kwenye vyumba vya hoteli wakiwa ziarani, wanatunga. Wenzao watatu walipoletewa kazi, ramani ilikuwa imeshachorwa. Na hilo linasikika. Mpiga kinanda Rick Wakeman hakuificha hasira yake: alilalamika kwamba albamu imejazwa maji, na inajulikana aliwahi kula kari jukwaani Manchester huku wenzake wakiendelea kupiga. Mwaka 1974 akaaga. Mimi namwelewa nusu.

Upande wa kwanza, The Revealing Science of God, ndio unaoifanya albamu iwe na thamani ya kununuliwa. Sauti ya Anderson inaingia chini, karibu kama mtu anayeomba dua, maneno yanakimbizana bila kituo, kisha sauti nyingine zinapanda juu yake moja baada ya nyingine mpaka kinanda kinafungua mlango na bendi nzima inamwagika. Kuelekea mwisho Wakeman anapiga solo ya sinthesaiza kali, yenye ncha, na kwa mtu aliyekuwa haipendi kazi hii, anapiga kana kwamba anaidai. Wimbo una dakika 20 na sijawahi kuhisi nazihesabu.

Halafu unakuja The Remembering, na hapo ndipo ninapozinguliwa. Mashabiki wengi wanauita upande mtulivu. Mimi nauona umelala. Melotroni ya Wakeman, kinanda kinachotoa sauti za vyombo zilizorekodiwa kwenye kanda, inapanda na kushuka kama mawimbi, vizuri sana kwa dakika tatu za mwanzo, na besi ya Chris Squire ina utamu wake. Ila kibwagizo kinarudi, kinarudi tena, na kila kikirudi hakijabeba kitu kipya. Kuna kipande cha katikati chenye mdundo wa haraka na gitaa linalochangamka; ukikisikia unasema haya, sasa tumeondoka, kumbe tunarudi palepale tulipotoka. Wangeukata ubaki dakika 10, ungekuwa wimbo wa kujivunia.

Maneno yake msiniulize. Anderson huchagua maneno kwa jinsi yanavyolia mdomoni, maana inakuja baadaye ikipenda.

Sasa upande wa tatu, The Ancient, ambao ndio watu wanaoutupia mawe. Naukubali kuliko wa pili, na sioni aibu. Ni kweli nusu ya kwanza ni fujo: Howe anaparuza gitaa la stili kwa sauti inayokwaruza meno, ngoma za Alan White zinagonga bila mpangilio unaoshikika, Anderson anataja majina ya jua kwa lugha mbalimbali. Lakini fujo hiyo ina ujasiri, inakwenda mahali. Na baada ya yote hayo kelele zinakatika, Howe anabaki peke yake na gitaa la nyuzi laini, mtindo wa Kihispania. Unamsikia kila kidole. Anderson anajiunga naye kwa wimbo mfupi wa upole ambao ungeweza kusimama peke yake, na kweli Howe ameupiga peke yake jukwaani miaka iliyofuata. Utamu wake unatokana na ile karaha iliyotangulia. Ukiruka kuufikia haraka, unapoteza nusu yake.

Ritual, upande wa nne, una kila kitu, pamoja na visivyohitajika. Squire anapata solo ya besi anayostahili. White, aliyechukua nafasi ya Bill Bruford mwaka 1972 na hii ikiwa albamu yake ya kwanza ya studio na bendi, anaongoza kipande cha ngoma tupu ambacho nadhani kilinoga zaidi jukwaani kuliko kwenye spika za nyumbani. Vumilia. Ngoma zikinyamaza, piano na sauti ya Anderson zinashuka taratibu na ule mstari wa Kifaransa kuhusu jua, na hapo sina neno.

(Jalada la mchoraji Roger Dean, samaki wakiogelea hewani juu ya nchi kavu, ningelipa nyota tano hata bila santuri ndani.)

Kuhusu toleo: lile la 2003 limerudisha utangulizi wa takriban dakika mbili kabla ya dua ya upande wa kwanza. Wengine wanaushangilia, mimi napendelea dua ianze ghafla. Mwanamuziki na prodyuza Steven Wilson alichanganya upya sauti zake mwaka 2016 na hiyo ndiyo ninayoisikiliza siku hizi, maana ile ya awali ina utando fulani, besi na vinanda vinagombania nafasi moja. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, anza na upande wa kwanza, nenda moja kwa moja wa nne, kisha siku nyingine ukiwa na subira jaribu wa tatu. Wa pili utaukuta tu, haukimbii popote.