Thread.sleep au CountDownLatch kwa majaribio yanayofeli leo na kupita kesho

Jaribio la msimbo linapita kwenye laptopu yako, likifika kwenye seva linafeli, ukilirudia, linapita. Mara nyingi uzi mmoja (thread, yaani mkondo wa kazi unaoenda sambamba na mingine ndani ya programu) umekagua jibu kabla mwenzake hajamaliza kuliandika.

Dawa ya haraka katika Java ni Thread.sleep(500): lala nusu sekunde, kisha kagua. Mstari mmoja tu, ndiyo maana wengi tunaukimbilia. Lakini nusu sekunde hiyo ni ya kubahatisha. Seva ikielemewa haitoshi; isipoelemewa, majaribio 200 yakienda moja moja yanakula sekunde 100 za usingizi mtupu.

CountDownLatch, iliyokuja na Java 5 mwaka 2004, inasubiri tukio lenyewe. Unaiunda kwa hesabu ya 1; uzi wa kazi ukimaliza unaita countDown() kuishusha hadi 0, na jaribio lililosimama kwenye await(5, TimeUnit.SECONDS) linaendelea papo hapo, hata zikiwa zimepita milisekunde 3 tu. Zile 5 ni ukomo. Kagua await imerudisha nini: false maana yake muda umeisha, na hapo wengi hupitiwa. countDown() iweke ndani ya finally (sehemu ya msimbo inayotekelezwa hata kosa likitokea), la sivyo uzi ukifa njiani jaribio litasubiri hadi ukomo.

Mimi sleep naitumia kwenye kuwinda hitilafu tu: naipachika katikati ya msimbo ili nyuzi zigongane kila mara, kisha naifuta.