Ng'ombe wa maziwa Tanga: yupi umnunue kwanza, yupi umwache

Dalali wa ng'ombe ana swali lake la kwanza: "Unataka wa lita ngapi?" Ukishamjibu tu, umekwisha. Atakuletea wa lita hizohizo ulizotaja, hata kama mnyama mwenyewe hajawahi kuzaa. Mnunuzi anayeijua kazi huanza na yale yanayoonekana kwa macho na kushikika kwa mkono: umri, mimba, kiwele, na huyo ng'ombe katokea wapi. Habari ya lita huja baadaye. Ngazi nilizozipanga hapa zimefuata kipimo hicho. Anayekaa juu ni yule ambaye unacholipia kwake kinaweza kuhakikiwa kabla pesa haijatoka mfukoni.

Kwanza tuzungumze bei. Tanga si mahali pa kubahatisha soko la maziwa. Tangu mradi wa ng'ombe wa maziwa uliofadhiliwa na Uholanzi miaka ya 1980, wafugaji wadogo wa mkoa huu wamejikusanya kwenye vyama vya ushirika chini ya umoja wao, TDCU, na kupitia umoja huo wana hisa katika kiwanda cha Tanga Fresh. Maziwa yana pa kwenda, na ndiyo maana mtamba, yaani jike kijana ambaye hajazaa, hashuki bei kirahisi. Halafu kuna hesabu ya uzazi ambayo haina huruma: nusu ya ndama ni madume, na ndama jike kwa mfugaji wa kawaida huzaa akikaribia miaka mitatu. Ukiona wanunuzi wameongezeka mwaka huu, mitamba ya kuwatosha haipatikani mwaka huu. Mbegu za kuchagua jinsia, zinazotoa majike karibu tisa katika kila ndama kumi, zinaweza kulegeza hali hii siku za usoni, lakini bado ni ghali kwa wengi.

Kwa miaka hii ya karibuni mtamba chotara mwenye mimba hupatikana kati ya shilingi milioni 1.5 na milioni 3, kutegemea damu, ukubwa wa mwili na umri wa mimba. Ukitajiwa chini ya hapo usishangilie, uliza sababu. Mimi hutumia njia moja ya kupima bei: kila ng'ombe ana bei ya bucha. Muulize mchinjaji angempa ngapi huyo mnyama kama alivyosimama, utoe bei hiyo kwenye bei uliyotajiwa. Kinachobaki ndicho unacholipia mimba na maziwa. Kama kinachobaki ni milioni nzima na mimba haijapimwa, unanunua maneno.

Misimu nayo ina nguvu. Januari hadi kabla ya masika majani yamekauka, ada za shule zimegonga mlango, na wenye ng'ombe wengi wanapunguza. Huo ndio wakati wa kununua, ila uwe na majani yako tayari, vinginevyo umeinunua njaa ya mwenzako. Masika yakishakolea, kila mwenye majani anataka ng'ombe na bei inapanda. Idi ya kuchinja kwa kawaida huvuta bei ya madume na wanyama wa nyama, lakini kwa kuwa husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, sasa imeangukia mwishoni mwa masika. Mwaka 2025 ilikuwa mapema Juni. Kwa hiyo Mei soko lina joto mara mbili, na muuzaji anayeweza kumpeleka ng'ombe wake bucha au zizini kwako hana sababu ya kukupunguzia.

Nafasi ya kwanza: mtamba mwenye mimba ya miezi mitano hadi saba

Huyu ndiye chaguo langu kwa mtu anayeanza, na sioni wa kumkaribia. Mimba ya umri huo daktari wa mifugo anaipapasa kwa mkono na kukwambia palepale ipo au haipo. Mnyama bado kijana, maziwa yake yote yako mbele. Unapata miezi miwili mitatu ya kumzoeza banda lako, sauti yako na majani yako kabla hajazaa. Aliye mwezi wa nane au wa tisa mwache kwake azae kwanza. Safari ya gari na mimba kubwa havielewani.

Sasa damu. Hapa ndipo pesa nyingi za watu wa Tanga zinapotea. Mtu anapenda Friesian, yule ng'ombe wa kigeni mkubwa mweusi na mweupe, na kadiri anavyokaribia kuwa halisi ndivyo anavyokuwa ghali. Lakini ng'ombe wa aina hiyo aliumbiwa baridi. Hapa mjini, Pangani au Mkinga, joto na unyevu vinamfanya ahemee mdomo wazi saa saba mchana, ale kidogo, na maziwa yashuke. Ukanda wa pwani unamfaa chotara mwenye damu ya kigeni ya nusu hadi robo tatu hivi, na robo tatu yenyewe kwa mwenye kivuli kizuri na chakula cha uhakika. Jersey chotara simdharau hata kidogo: ana mwili mdogo, anakula kidogo, maziwa yake yana mafuta kama asilimia 5 wakati ya Friesian ni kama 3.5. Tatizo lake ni kwamba watu wanamwona mdogo wakadhani ni dhaifu, na hilo ni faida kwako unapopatana bei.

Na katokea wapi? Mitamba mizuri inashuka kutoka Lushoto, huko Soni na Mlalo, imenawiri kwa majani ya Guatemala na hewa ya mlimani. Mtu anampakia hadi Muheza, baada ya wiki chache homa, matezi yamevimba, kifua kinakoroma. Hiyo ni ndigana kali, inayoletwa na kupe, na aliyekulia mahali penye kupe wachache hana kinga nayo. Chanjo yake ipo. Mtamba wa mlimani asiyechanjwa mhesabie gharama hiyo juu ya bei, umchanje kabla hajashuka, au ununue aliyezaliwa ukanda huuhuu. Mimi kati ya wawili wanaofanana, huyu wa pwani namwongezea pesa bila kinyongo.

Dai pia kadi ya uhimilishaji, yaani kupandisha kwa mbegu za dume zinazowekwa na mtaalamu. Ikionyesha tarehe ya kupandwa na dume aliyetumika, unajua atazaa lini, maana mimba ni miezi tisa na siku chache. Akikwambia alipandwa na dume la palepale bandani, uliza kama dume hilo si baba yake. Usione haya, hili linatokea sana kwenye mabanda ya dume mmoja.

Nafasi ya pili: anayekamuliwa, uzao wa kwanza au wa pili

Faida yake ni kwamba kesho asubuhi una maziwa. Hasara ni kwamba mwenye ng'ombe mzuri hauzi. Anauza kwa ada, kwa msiba, kwa kuhama, au kwa jambo lililomo ndani ya ng'ombe mwenyewe. Kazi yako ni kujua ni lipi.

Nilimsindikiza jirani yangu hadi Mabokweni kwa mama mmoja mfugaji.

"Shikamoo, mama. Huyu anatoa ngapi kwa siku?"

"Marahaba, mwanangu. Kumi na mbili, akishiba."

"Tunaomba tumwone akikamuliwa leo jioni, kesho asubuhi na kesho jioni."

Mama akacheka, akafuta mikono kwenye kanga. "Basi andika nane."

Kukamua kwa jioni ya kwanza usikuhesabu kabisa. Muuzaji mjanja huruka kumkamua asubuhi yake ili kiwele kijae. Utaona chuchu zimekakamaa na maziwa yanadondoka yenyewe. Jioni hiyo ni ya kumwondolea tu. Hesabu huanza asubuhi inayofuata. Na usisome ndoo ikiwa na povu. Ndoo ya yule mama ilifika alama ya tano na nusu, tukaiacha itulie, ikasoma nne na robo. Jioni ikawa nne kasoro. Nane aliyosema ilikuwa nane kweli, na jirani yangu akalipa bei ya nane.

Muulize amezaa lini, kwa sababu maziwa hufikia kilele wiki ya nne hadi ya nane hivi, kisha yanateremka taratibu. Wafugaji wana hesabu ya haraka: kiwango chake cha juu kwa siku zidisha mara 200, upate lita za uzao mzima wa miezi kumi. Wa lita 10 atakupa kama lita 2,000. Muuzaji anakuhesabia 10 mara siku 365, yaani 3,650. Tuseme lita ni shilingi 1,000: tofauti ya hesabu yake na ya kweli ni zaidi ya milioni moja na nusu, na bado hujatoa pumba, mashudu na dawa ya kupe.

Kagua kiwele baada ya kukamuliwa, si kabla. Kikiwa kitupu kiwe laini kama mkoba. Uvimbe mgumu ndani yake ni kovu la ugonjwa wa kiwele, na robo hiyo ya kiwele haitarudi kutoa maziwa. Kamulia matone ya kwanza kwenye kitambaa cheusi utazame mabonge. Kila chuchu uikamue mwenyewe, zote nne. Kisha swali la mwisho: ana mimba tena? Ng'ombe aliyezaa miezi kumi iliyopita, amepandwa mara kadhaa na bado mtupu, huyo anauzwa kwa sababu hiyo. Mpime pia ugonjwa wa brusela, maana unamfanya ng'ombe atupe mimba na unawaingia binadamu kwa maziwa yasiyochemshwa.

Nafasi ya tatu: mtamba ambaye hajapandwa

Ana bei nafuu na anamfaa mwenye subira na majani ya kutosha. Angalia meno ya mbele ya chini: akiwa na mawili makubwa katikati ana kama miaka miwili, na anapofikisha manane amefika miaka minne hadi mitano. Ukiambiwa "mtamba" na mdomoni kuna manane, huyo ameshindwa kushika mimba muda mrefu, au alizaa wakakuficha.

Kuna swali moja ambalo wengi hawaulizi: alizaliwa pacha? Jike aliyezaliwa pacha na dume, zaidi ya mara tisa katika kumi ni tasa, kwa kuwa damu zao zilichanganyika tumboni. Kwa nje ana sura nzuri tu, mara nyingi amenenepa kuliko wenzake. Mlipie bei ya bucha.

Nafasi ya nne: kumboresha wa kienyeji

Ukiwa na majike ya kienyeji, yahimilishe kwa mbegu kutoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji cha Usa River, Arusha. Gharama ni ndogo mno kulinganisha na kununua, na ndama atarithi ugumu wa mama yake. Ila piga miezi tisa ya mimba na karibu miaka mitatu ya kukua ndipo umkamue. Njia hii si ya mwenye mkopo.

Wa mwisho kabisa: ng'ombe mkubwa wa mnadani

Minada ya Handeni na Kilindi ni mizuri kwa dume la kunenepesha. Kwa ng'ombe wa maziwa sikushauri: huwezi kumwona akikamuliwa, hujui banda alilotoka, na huenda alikesha karibu na wenye ugonjwa wa miguu na midomo. Bei yake inavutia kwa sababu ni bei ya nyama.

Pembeni ya ngazi hizi kuna kopa ng'ombe lipa ng'ombe: kikundi kinakukopesha ng'ombe, nawe unalipa kwa ndama. Haina pesa mkononi, lakini si bure: ndama jike wa kwanza unamkabidhi mwingine. Kikundi kikiwa imara na mtaalamu wake anafika, ni mlango mzuri kuliko mkopo wa riba. Soma tu masharti ya ndama akifa, au wakizaliwa madume mfululizo.

Malipo na safari

Andikishianeni ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, mkiwa na mashahidi, na mtaje namba ya hereni ya sikioni; sheria ya utambuzi wa mifugo ya mwaka 2010 ndiyo iliyoleta utaratibu wa kutambulisha mifugo. Kama muuzaji amekataa daktari wako apime mimba, mazungumzo yameishia hapo. Akikubali lakini daktari hapatikani siku hiyo, acha sehemu ya pesa mpaka apime, na iandikwe. Chukua kibali cha kusafirisha mifugo kwa afisa mifugo kabla ya kukodi gari.

Msafirishe saa ambazo joto limepungua, sakafu ya Canter imwagwe mchanga au majani asiteleze, asimame mwelekeo wa gari na asilazwe kwa kamba. Ukifika mpe maji kwanza, majani baadaye. Na kabla hamjaagana, mwombe muuzaji kiroba cha pumba ileile aliyokuwa akila, umchanganyie na ya kwako kidogo kidogo kwa wiki nzima. Wengi hutoa bila kudai hata shilingi.