Halua ya moto, mishkaki na kaimati za Muscat: uzoefu wangu

Nimerudi juzi kutoka Muscat, mji mkuu wa Oman. Shangazi yangu anaishi Seeb, huko huko Muscat, na siku tisa nilizokaa kwake nimekula barabarani kuliko nyumbani. Naanza na halua, maana ndiyo iliyonikosha roho.

Sisi watu wa Tanga halua tunaijua, shughuli gani isiyo na halua na kahawa? Ila sikuwahi kuila ikiwa bado ya moto. Pale Seeb mzee mwenye duka alikuwa anaisonga kwa mwiko mrefu ndani ya sufuria kubwa la shaba, samli imeanza kujitenga pembeni inameta, harufu ya zafarani, iliki na marashi ya mawaridi umeshaikuta tangu mlangoni. Kutusikia tunaongea, akatugeukia kwa Kiswahili cha Unguja: "Onja kwanza mwanangu, kununua baadaye." Akanichotea. Wallahi, inateleza ulimini, haigandi kwenye meno, na utamu wake haukwarui koo. Cha kutafuna ni lozi tu. Kuna ya zafarani na kuna nyeusi, ya sukari nyekundu. Mimi nasimama na nyeusi. Kahawa yake chungu ina iliki, wanakumiminia kidogo kidogo, na hawaachi mpaka ukitikise kikombe. Hilo shangazi ndiye aliyenifundisha.

Mishkaki ni ya jioni. Wachomaji wanapanga majiko kandokando ya barabara, nyama ya ng'ombe, kuku, hata ngamia, vipande vidogo vidogo. Nililipa baisa 200 kwa kijiti; rial moja ina baisa 1,000, na ni kama dola 2.60, kwa hiyo piga hesabu kabla hujaagiza vijiti kumi. Kinachoifanya iwe tamu ni ukwaju wenye pilipili. Omba bakuli lako mwenyewe, uchovye mpaka mwisho.

Luqaimat ni kaimati zetu, jina lenyewe maana yake vitonge vidogo. Wanazimwagia asali ya tende na kunyunyiza ufuta. Tamu, lakini zinalainika upesi. Hapa nawapa ushindi mama zetu: shira ikikaukia juu ya kaimati, ikavunjika "kwach" ukiuma, sijaona mfano wake.

Kilichoniuma ni kopo la halua nililomnunulia mama siku ya kuondoka, kwenye duka la zawadi. Lilikuwa limefungwa vizuri, kulifungua nyumbani halua ngumu, samli imechacha. Sikuonja, niliamini kopo. Nunua pale inapopikwa, wakufungie mbele ya macho yako. Na nenda baada ya Magharibi: mchana jua ni kali na maduka mengi yanafungwa, usiku ndiyo watu wanatoka na masufuria yanakuwa motoni.