Uzoefu wangu na vituo vya sanaa Dar: Nafasi, Tingatinga, na pale walipokula hela yetu

Wakuu habari zenu. Kila nikiweka picha za maonyesho status wananijia watu inboksi, hivi dada pale mtu anaingiaje, ni bei gani, si ni pa wazungu pale? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwahiyo naandika yote hapa, atakayeuliza tena namtumia hii.

Kwanza mjue mimi sio msanii, kazi yangu ni ya makaratasi ya mizigo bandarini, kuchora kwangu kuliishia darasa la saba kuchora ramani ya Tanzania na mito yake. Ila napenda hizi sehemu, na kila nikienda naangalia kitu kimoja tu: je wasanii wenyewe wapo, wanafanya kazi, naweza kuongea nao? Ukumbi ukiwa mzuri una AC na taa za kumulika picha lakini msanii hayupo, kwangu hiyo ni duka la fremu tu.

Tuanze na Nafasi Art Space. Ipo Mikocheni B, kule eneo la viwanda vidogo, barabara ya Eyasi, na ipo tangu 2008. Ukitokea Mwenge rahisi ni bajaji, mwambie Mikocheni viwandani, usianze kumwambia "kituo cha sanaa" atakupeleka Mwenge kwenye vinyago na hapo mtaanza kubishana nauli upya. Ukifika usishangae, hakuna jengo la maghorofa wala nguzo, ni makontena. Haya haya ya meli, yamegeuzwa studio, yamekatwa milango na madirisha, yamepakwa rangi mpaka huwezi kusoma namba zake. Mimi makontena huku kazini ni presha tu, likichelewa kutoka siku mbili bosi anaanza kupiga simu kila nusu saa, sasa kukuta mtu kakaa ndani ya kontena anasikiliza redio anachanganya rangi taratibu, aisee nilifurahi kama mtoto.

Sasa watu wengi wanaijua Nafasi kwa Chap Chap, ule usiku wao wa maonyesho na muziki, na ni mzuri nitaufikia. Ila ushauri wangu mimi nenda siku ya kawaida, katikati ya wiki, kama saa tisa alasiri hivi. Siku ya kawaida hakuna umati, milango ya studio iko wazi, piga hodi, salimia, wengi watakukaribisha. Msipite tu kimya kimya mnachungulia kama mnakagua vyumba vya kupanga jamani, salimieni.

Mara ya kwanza niliyoenda hivyo nilimkuta kijana anatengeneza turubai lake la kuchorea. Mimi siku zote najua turubai linanunuliwa tayari, kumbe la dukani linatoka nje na bei yake ni kichaa, kwahiyo yeye anatumia amerikani, ile ile ya kushonea mifuko ya mito. Anaivuta kwenye fremu ya mbao, anaanza kupiga stepla katikati ya kila upande ndo anaenda kwenye kona, maana akianza na kona kitambaa kinakunjamana na hakitanyooka tena. Halafu gundi ya mbao kailegeza na maji anaipaka yote, inakauka, ndo inakuja emalsheni nyeupe, ile ya ukutani, mkono wa kwanza, wa pili, katikati hapo anapiga msasa. Ukigonga kwa kidole inalia kama ngoma ndogo. Nikamuuliza sasa hapo umechora nini, akacheka, "Dada hapa bado sijaanza hata kazi." Tangu siku ile mtu akiniambia picha ya laki tatu ni wizi namuuliza kwanza kama anajua amerikani inavyoandaliwa.

Maonyesho yenyewe yanabadilika badilika. Usitegemee utakuta twiga na Mlima Kilimanjaro, unaweza kukuta nguo za mitumba zimening'inizwa dari nzima, au video inajirudia ukutani, au vyuma chakavu vimeunganishwa kuwa mtu. Nilienda na mjomba wangu mmoja wa Kilosa alikuja mjini kutibiwa macho, akasimama mbele ya kazi moja ya matairi muda mrefu kweli mikono nyuma, mwisho akaniuliza kwa sauti ya chini "huyu kalipwa?" Nikamwambia labda bado mjomba. Akasema "alipwe, kazi hii ya kuchosha." Mimi naona huo ni uhakiki tosha. Sio kila kitu utakipenda, mimi video nyingi zinanipita kushoto kabisa, nakaa dakika mbili naondoka, ila hakuna anayekulazimisha kuelewa.

Chap Chap sasa. Hapo ndo utakuta kila kitu kwa pamoja, maonyesho mapya yanafunguliwa, studio zinakuwa wazi, jukwaani kuna bendi au ngoma au watu wa mashairi, na watu wa kila aina, wanafunzi wa chuo, wazungu wa ubalozini, wamama na watoto, wabunifu wa mavazi wamevaa vitu ambavyo mtaani kwetu ungefukuzwa na mbwa. Kama unapenda muziki wa laivu utaenjoi. Kama unataka kuangalia picha kwa utulivu usiende saa mbili usiku, nenda mapema kumi na moja kabla jua halijazama, zunguka studio kwanza, jukwaa baadaye. Kiingilio angalia tangazo la siku hiyo hiyo msinitegemee mimi. Na jipake dawa ya mbu, hii ni Mikocheni sio Njombe.

Wana pia Nafasi Academy, hii ni kwa wanaotaka kuwa wasanii kweli, sio sisi wa kuja kupiga picha. Dada mmoja aliyepitia pale alinisimulia kwamba kilichomsaidia zaidi ni kujifunza kuielezea kazi yake, kuandika maelezo na kuomba fursa. Hilo kwa wasanii wetu ni pengo kubwa, mtu anachora kama malaika ukimuuliza bei anaangalia chini.

Darasa nililofanya kwa mikono yangu mimi lilikuwa Tingatinga, kule Oysterbay. Wale wenyewe ni ushirika wa wachoraji, ulisajiliwa 1990, na wapo maeneo yale yale ya Morogoro Stores ambako Edward Saidi Tingatinga alikuwa anauza picha zake. Yule mzee alitokea Tunduru, kaanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 60 kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za mafuta, zile za kupaka baiskeli, na 1972 akauawa kwa risasi za polisi waliodhani ni mwizi anakimbia. Miaka minne hivi tu ya kuchora halafu leo mtindo una jina lake dunia nzima. Wanafunzi wake na ndugu ndo walioendeleza, ndo maana ukifika pale utasikia huyu mtoto wa fulani, yule kafundishwa na baba yake mdogo, ni kama ukoo.

Unapiga simu au unapita kabla, unapatana bei na siku, na bei inategemea ukubwa wa picha na muda. Unapewa ubao ambao rangi ya nyuma imeshapakwa na kukauka, maana ile rangi ya mafuta haina haraka, ukitaka kuanza na ubao mtupu utalala pale pale. Fundi wangu alikuwa baba wa makamo hivi, mpole, akaniuliza nataka mnyama gani, nikasema simba, akanitazama akasema "tuanze na kanga." Basi kanga, ndege sio nguo. Unachora umbo kwa chaki, unajaza mwili kwa rangi nyeusi iliyochanganywa na buluu kidogo, unasubiri, ndo unaingia kwenye madoa meupe. Na hapo ndo kazi ilipo wakuu. Madoa ya kanga wa Tingatinga yamepangwa, mgongoni makubwa, yanapungua yakishuka tumboni, shingoni ni kama punje za ulezi. Brashi yake ni nyembamba na ncha yake imekatwa fupi, unachovya kidogo, unagusa, unainua wima. Ukiburuza doa linaota mkia kama kiluwiluwi. "Usisukume, gusa tu," kila baada ya dakika "gusa tu, mama." Yeye anaweka madoa ishirini huku anaongea na mtu wa mezani jirani habari za Simba na Yanga, mimi moja natoka jasho. Brashi zinaoshwa kwa mafuta ya taa kwahiyo ukitoka unanuka jiko, nguo nzuri acha nyumbani. Kanga wangu yupo sebuleni sasa hivi, shingo imekaa kushoto kidogo lakini madoa yapo.

Lakini mtu atasema Tingatinga si wanarudia picha zile zile? Ni kweli zipo nyingi za kufanana, ni biashara na watalii wanataka tembo. Ila kaa pale masaa mawili utaona kila mkono una namna yake, mmoja macho ya ndege zake yana duara tatu, mwingine majani yake yote yameelekea upande mmoja. Mimi sasa hivi naweza kuitambua ya fundi wangu hata ikiwa kwenye duka la uwanja wa ndege.

Haya tuje kwenye machungu. Kuna sehemu nyingine, jina naliacha, wao walitangaza darasa la kuchora la watoto wikiendi, poster nzuri, picha za watoto wanacheka wamejaa rangi usoni. Dada yangu akalipia mtoto wake, elfu themanini, vifaa vyote ndani. Tumefika, watoto kumi na kitu, brashi tano. Mwalimu mwenyewe ni kijana wa chuo, wala simlaumu yeye maskini, kawasha luninga kaweka video ya mzungu anachora machweo ya jua watoto wafuatishe. Mtoto wa dada yangu akachora gari la taka, akaambiwa afute achore jua. Afute! Tukaomba kurudishiwa hela, tukaambiwa tutapigiwa simu, mpaka leo simu hatujapigiwa na tukipiga sisi inaita mpaka inakata. Sasa kabla hujalipia darasa lolote la mtoto uliza vitu hivi: anafundisha nani na kazi zake ziko wapi uzione, watoto wangapi, na mtoto anarudi na kazi yake nyumbani au la. Wakianza kukujibu kwa tangazo badala ya jibu, ondoka.

Kingine kinachonikera, na hiki hakina mwenyewe ni ugonjwa wa mji mzima, ni mazungumzo ya wasanii. Mnakaa, msanii anaanza kuelezea kazi yake Kiswahili kitamu watu wanacheka wanauliza, wanaingia wageni wawili wanakaa nyuma, ghafla kila kitu kinageuka Kiingereza, msanii mwenyewe anaanza kutafuta maneno, na yule mama aliyekuwa ameinua mkono anaushusha. Watu arobaini wanabadilishiwa lugha kwa ajili ya wawili. Si wageni wakae na mtu wa kuwatafsiria pembeni? Niliwahi kusimama nikauliza swali kwa Kiswahili makusudi na watu wakapiga makofi, na baada ya hapo maswali yote yakarudi Kiswahili, kwahiyo inawezekana, ni mtu wa kwanza tu ndo anatakiwa.

Kuhusu kununua. Studio sio Kariakoo. Kuuliza bei sio dhambi, kupatana kidogo pia sio dhambi, lakini ukitajiwa laki mbili na nusu usiseme elfu thelathini, bora useme nzuri asante ukapita. Kama hela haitoshi uliza kama ana kazi ndogo, wengi wana michoro ya karatasi, ya majaribio, bei nafuu na mimi naipenda kuliko makubwa. Wengine wanakubali kulipwa kwa awamu mbili tatu, mimi kuna moja niliimalizia na mshahara wa mwezi wa tatu. Mwambie akuandikie nyuma ya picha jina lake na mwaka, usiondoke bila hiyo.

Na wale wa kusema ni pa wazungu. Wazungu wapo ndiyo, kwasababu sisi hatuendi. Wa umri wangu wanakumbuka Nyumba ya Sanaa pale Upanga, ilipokuwepo wengi tulikuwa tunapita nje tu na daladala tunaenda Posta, ilipoondoka ndo kila mtu akaanza kusema ilikuwa pazuri. Mlangoni mimi hakuna aliyewahi kuniuliza naenda kwa nani, na huwa naenda na ndala.

Kwa wenye watoto, Nafasi kuna uwanja wa kukimbia na hakuna anayewafokea ila washikeni mkono kwenye studio, rangi mbichi haikai kwenye ukuta peke yake, inakaa na kwenye sare za shule. Picha za simu omba kwanza, kazi ambayo haijaisha wengi hawapendi ipigwe. Na ukienda na bajaji mwambie akusubiri au chukua namba yake, maana kule viwandani giza likiingia bajaji zinapungua.