Gita la Besi la Kwanza: Lipi Linafaa Kununuliwa Kampala

Aliyekulia Uganda akisikiliza kadongo kamu, muziki ambao jina lake kwa Kiganda lina maana ya gita dogo moja, amezoea kuliona gita likijitosheleza. Besi haijitoshelezi. Isipounganishwa na amplifaya, hata mwenye kuipiga haisikii vizuri, na kwa sababu hiyo fedha zigawanywe kabla ya kuingia dukani: takriban theluthi mbili ziwe za gita, na zinazobaki ziwe za amplifaya, waya na mkanda wa begani.

Nafasi ya kwanza naipa besi mpya ya nyuzi nne ambayo sehemu ya uzi inayotetema ina urefu wa inchi 34, yaani sentimita 86 hivi, na isiyotumia betri. Kipimo hicho ndicho cha Precision Bass, besi ya umeme ya kampuni ya Fender ya mwaka 1951, na besi nyingi zinazouzwa leo zinakifuata, kwa hiyo nyuzi za kubadilishia hazisumbui kupatikana. Yamaha TRBX174 ni mfano mzuri, na za Squier za bei ya chini zinafuata karibu sana. Ibanez GSR200 nayo ina shingo nyembamba inayopendwa na wenye vidole vifupi, lakini inatumia betri ya volti 9, na anayeanza husahau kuchomoa waya anapomaliza mazoezi, akaamka asubuhi betri imekwisha.

Nafasi ya pili ni besi ya aina hiyohiyo iliyokwisha kutumika. Hapa kuna faida kubwa na hatari kubwa, nami hatari hiyo naijua kwa mfuko wangu. Besi yangu ya kwanza niliinunua jioni, dukani kukiwa na giza, nikavutiwa na rangi yake nyekundu. Baada ya majuma mawili ya vidole kuuma nikaipeleka kwa fundi, akaniambia kwamba shingo imejisokota. Shingo iliyopinda kama upinde hurekebishwa kwa kukaza au kulegeza chuma kilichomo ndani yake, ila iliyojisokota chuma hicho hakiiwezi. Kwa hiyo lichukue gita hadi mlangoni penye mwanga, weka jicho upande wa daraja, yaani pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gita, kisha tazama kingo mbili za shingo zinavyokwenda. Halafu bonyeza uzi mnene kwenye freti (vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja: katikati pabaki mwanya mdogo tu, wa kupitisha kadi nyembamba. Ukiuachia uzi, urefu wake juu ya freti ya 12 ukizidi sana milimita 3, mkono wako utachoka kabla ya somo kwisha. Mwisho, unganisha gita na amplifaya, uzungushe kila kitufe. Mkwaruzo mdogo ni vumbi, lakini sauti inayokatika unapotikisa waya ni sababu ya kupunguziwa bei.

Besi ya nyuzi tano naiweka ya tatu, ingawa najua wapiga besi wengi wa makanisani watanipinga, kwa kuwa uzi wa ziada wa B, wenye sauti nzito kuliko nyingine zote, huwasaidia waimbaji wanapobadilisha ufunguo wa wimbo ghafla. Hoja yao ni ya kweli. Hata hivyo, shingo yake ni pana, nyuzi zake ni ghali zaidi, na mwanafunzi hulazimika kujifunza kuuzima uzi asioupiga kabla hajaweza kupiga ule anaoutaka.

Besi fupi, kama Squier Bronco ya inchi 30, ni ya nne kwa mtu mzima, lakini kwa mtoto wa miaka kumi ingekuwa ya kwanza bila ubishi.

Ya mwisho ni seti ya katoni moja isiyo na jina linalofahamika, yenye gita, amplifaya ndogo, waya na mfuko. Bei yake inavutia, lakini spika yake aghalabu ni ndogo mno. Uzi mnene wa E hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ya namna hiyo hutoa mlio mwembamba unaomfanya mwanafunzi abonyeze kwa nguvu zaidi bila faida.

Kwa chumba cha kulala, amplifaya ya besi ya wati 20 inatosha, hasa ikiwa na tundu la hedifoni kwa ajili ya majirani. Pembeni mwa ngoma haitasikika. Ikiwa imeletwa kutoka Marekani, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa, kwani nyingi za huko zimetengenezwa kwa volti 120, na umeme wa Uganda ni wa volti 240: ukiichomeka bila transfoma, itaungua siku hiyohiyo.