Hema la turubai au la polista? Ninachochagua nikienda Msimbati na watoto

Likizo ya mwezi wa sita ikikaribia, mawifi zangu huniuliza: tununue hema la turubai au la polista? Jibu langu halijabadilika. Mkiwa na gari na watoto wadogo, chukueni la turubai. Mkisafiri kwa bodaboda au daladala, chukueni la polista, wala msione haya.

Kwetu Shangani tunayo yote mawili. La polista ni la kuba, fito zake ni za faiba, tulilinunua hapa hapa Mtwara mjini. La turubai lina nguzo za chuma, tuliachiwa na kaka yangu alipoacha kazi ya kupeleka watalii mbugani. Sizungumzii lile turubai la plastiki tunaloanikia korosho, ambalo ukilala ndani yake utachemka. Nazungumzia kitambaa kizito cha pamba, kilichofumwa kwa kubana.

Tofauti yake utaijua saa saba mchana. Jua la ufukwe wa Msimbati likikaa utosini, ndani ya polista hakukaliki. Kitambaa chake ni chembamba na kimepakwa utando, na utando ule ule unaozuia mvua unazuia na hewa. Mwanangu wa mwisho asipolala mchana, jioni hatusikilizani. Ndani ya polista hakufumba jicho, tukashinda naye chini ya mwembe mpaka jua lilipopoa. Kwenye turubai mambo ni mengine kabisa. Mna giza, pamba inapumua, na uzito wa kitambaa unakata makali ya jua. Fungua madirisha ya neti upande wa baharini, upepo wa kusi upite, mtoto analala mpaka adhana ya alasiri. Kwa sababu hiyo peke yake niko tayari kulipa zaidi, na bei ya turubai ni kubwa kweli.

Usiku nao una habari yake. Tulilala sita kwenye polista, na alfajiri mama mkwe, aliyekuwa amelala pembeni, akaamka khanga imelowa. "Mwanangu, hili hema lenu linavuja," akaniambia. Mvua haikuwa imenyesha. Ni pumzi zetu wenyewe: mvuke umekosa pa kutokea, ukagusa kitambaa kilichopoa, ukageuka maji. Kama polista ndilo mlilo nalo, msifunge matundu ya juu hata mkisikia baridi ya kusi, na lile tabaka la nje la hema livuteni vizuri lisigusane na la ndani. Kwenye turubai mvuke mwingi hupita katikati ya nyuzi, mama mkwe akaamka mkavu.

Kwa mvua, watu wengi hudhani pamba itapitisha maji. Kumbe nyuzi za pamba zikilowa huvimba na kuziba vitundu vilivyo kati yake. Ndiyo maana hema jipya la turubai lazima ulisimamishe uani kwanza, ulimwagie maji mpaka lilowe chapa, uliache likauke, kisha urudie. Mara ya kwanza litadondosha kwenye mishono, msishtuke. Na msilifue kwa sabuni ya unga, inaondoa dawa ya kuzuia maji.

La polista huwa na namba ya milimita kwenye lebo. Ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinastahimili kabla ya kuanza kupitisha. 1500 ni ya chini, kwa familia tafuteni 3000, na sakafu iwe na namba kubwa zaidi kwa sababu ndiyo mnayoikalia na kuipigia magoti. Geuzeni mishono muitazame: kama haijabandikwa utepe kwa ndani, hiyo namba haitawasaidia.

Sasa uzito. Hema la turubai la familia ni kilo 30 na zaidi, mume wangu na shemeji hulipakia wawili. La polista nalibeba mwenyewe kwa mkono mmoja. Turubai likilowa linakuwa zito zaidi, na ukilikunja likiwa bado bichi likakaa siku mbili tu, limeota ukungu, hasa kwa unyevu huu wetu wa pwani. Likaushweni kabisa, hata kama safari imewachosha. Polista hukauka upesi, lakini likikaa stoo yenye joto na unyevu ule utando huanza kunata, kisha unabambuka, na hapo halina dawa.

Turubai likichanika, fundi yeyote anayeshona viti vya magari analitia kiraka. Cheche ya mkaa ikiruka kutoka kwenye pweza wenu, polista linatoboka papo hapo, turubai kwa kawaida huungua kidogo tu. Jiko liwe mbali kwa yote mawili, na kamwe lisiingie ndani.

Vigingi vinavyokuja na mahema haya ni vifupi, havishiki mchanga. Sisi hujaza mchanga kwenye viroba, tunafunga kamba, tunavifukia. Kusi ikivuma usiku hatuamki. Tena msisimamishe hema chini ya mnazi, kwa kivuli chochote kile.

Yapo pia mahema ya kitambaa cha mchanganyiko wa pamba na polista, mepesi kuliko turubai tupu na yana hewa kuliko polista tupu. Mkiyapata, hayo ndiyo ningewashauri wenye gari dogo.

Kabla ya kulipa, mwombeni muuzaji alisimamishe juani. Ingieni wote, watoto na wakubwa, fungeni mlango, mkae dakika kumi. Angalieni kama neti inafunga mpaka chini, na kama zipu inapita kwenye kona bila kung'ang'ania. Zipu ya chuma cha kawaida iacheni dukani, chumvi ya bahari itaila.